Gundi Haimsubiri Mkwe

Nyie vijana mnaokuja kununua gundi kwangu hapa Bariadi, mkinikuta nimekaa kwenye kiti cha plastiki nimenyoosha miguu, msinipe shikamoo mzee. Mvi sina. Magoti yangu ndiyo yana mvi.

Fundi wa tailizi hastaafu kama mwalimu, kwa keki na hotuba. Anastaafu siku magoti yakigoma. Yangu yaligomea bafuni kwa bwana mmoja mtumishi, wa kutoka Mbeya. Nimemaliza kona ya mwisho, nimefuta, nataka kuinuka, wapi! Miguu imekataa. Yule bwana akachungulia, akaniona nimepiga magoti nimeinamisha kichwa, akarudi nyuma polepole. Nikamsikia anamwambia mkewe, "Usipige kelele, fundi anasali." Na kweli nilikuwa nasali, ila si kwa sababu aliyodhani yeye. Basi nikaacha kazi ya chini nikafungua kaduka. Shule niliishia darasa la saba, miguu imeishia bafuni, kilichobaki ni mdomo. Ukinunua gundi kwangu, mdomo naongeza bure.

Juzi amekuja mmoja wenu, kofia kageuza nyuma, simu mbili, ana sebule nzima ya poselini ya kuweka. Ananunua gundi kama mtu anayenunua chumvi ya kuonjea. Nikamuuliza, "Dogo, hiyo inatosha?" Akasema, "Bro, mimi naweka matonge. Tonge kila kona, moja katikati, twende kazi." Nikamtazama. Nikamwambia tonge ni la ugali. Ukiweka tonge chini ya tailizi, umemjengea panya nyumba ya kupanga.

Matonge nayajua. Kule Mwanhuzi kuna nyumba iliwekwa hivyo na fundi mmoja simtaji, kwa sababu bado ananunua gundi kwangu. Watu wakaoana, wakahamia, wakaleta kitanda cha mninga kizito kama trekta. Asubuhi mguu mmoja wa kitanda umezama sakafuni. Majirani wakamsifia bwana harusi mtaa mzima. Nilipoitwa kutengeneza, nikainua ile tailizi, chini uwazi mtupu, tonge moja limekauka katikati kama kinyesi cha mbuzi. Sikumwambia mtu. Bwana harusi alikuwa anatembea kifua mbele, nani ningemharibia?

Mimi kazi nilifundishwa na fundi Rashidi. Huyu alitoka Tanga wakati mkoa huu bado mpya na maofisi yanaota kila kona ya Bariadi. Alikuwa na Kiswahili kitamu mpaka unasahau kwamba anakutukana. Siku ya kwanza nimeweka tailizi moja, nimeigonga kwa nyundo ya mpira, nimeweka pima maji juu, povu limekaa katikati kabisa. Nikasimama kusubiri sifa.

"Ivue," akasema.

"Nimeshaiweka, fundi."

"Ndiyo maana nasema ivue. Ingekuwa haijawekwa ningesema iweke."

Nikaivua. Mgongoni mwa tailizi gundi imeshika nusu, nusu nyeupe peee. "Unaona?" akasema. "Juu umevaa suti, chini huna suruali." Tangu siku hiyo, kila nikianza chumba, tailizi ya kwanza naiweka, naivua, naangalia mgongo. Mgongo ukiwa umejaa gundi mpaka pembeni, naendelea. Ukiwa na mapengo, nabadilisha mkono au nabadilisha mwiko. Inachukua muda mdogo kuliko kuvuta sigara, na mapafu yanabaki.

Kabla ya Rashidi nilikuwa nimejifunzia mtaani, enzi za tailizi za udongo. Zile ulikuwa unazilowanisha kwenye ndoo kutwa, halafu unamwaga uji wa saruji, unabandika, basi. Nikadhani na poselini ni hivyo hivyo. Rashidi akanikuta nimeinama kwenye ndoo.

"Unaosha vyombo?"

"Nazilowanisha, fundi, zinywe maji."

"Poselini hainywi," akasema. "Huyo ni mlokole."

Ndivyo ilivyo, wadogo zangu. Poselini ni ngumu, haifyonzi kitu, kwa hiyo uji wa saruji hauna pa kushika. Inataka gundi yake. Na ukiigeuza mgongo utakuta vumbi jeupe la kiwandani, kama unga. Futa kwa kitambaa kibichi, acha ikauke, halafu paka gundi nyembamba mgongoni, kwaruza kwa upande wa mwiko ulionyooka kama unavyopaka siagi mkate wa mgeni usiyempenda. Sakafuni unaweka gundi, unachana kwa mwiko wa meno, mistari iende upande mmoja. Usichore miviringo kama unachora sahani. Ukichora miviringo, hewa inabaki humo ndani imefungiwa. Ukichana moja kwa moja, ukaibonyeza tailizi huku unaisukuma kidogo kukata ile mistari, mistari inalala na hewa inatoka.

Na kuchanganya: maji kwanza, unga juu yake. Koroga, acha ipumzike kidogo, koroga tena. Ikishaanza kukaza kwenye ndoo usiongeze maji. Najua mnaongeza. Itarudi laini, ndiyo, lakini nguvu imeshakwenda. Ni sawa na kumpikia maiti uji.

Mawe yana vituko vyake. Mama mmoja ofisa, wa kutoka Kilimanjaro, aliniletea mawe meupe mazuri ya kuweka barazani. Nikatumia gundi ya kijivu, maana ndiyo niliyokuwa nayo. Jiwe jeupe linafyonza, si kama poselini. Baada ya muda rangi ikapanda, baraza ikawa na madoa kama chui. Yule mama akasimama pale mikono kiunoni. "Fundi, mimi niliagiza mawe au mnyama?" Nikang'oa, nikaanza upya na gundi nyeupe. Jiwe jeupe, gundi nyeupe. Hilo somo nililipia, nyie nawapa hivi hivi.

Lakini kama kuna sakafu iliyonifundisha kazi, ni ya Mwamapalala, kwa baba yake Minza.

Minza nilimpendea mnadani, na yeye akanipenda, ingawa anasema alinionea huruma. Wazee wetu wakaenda kwao kuposa. Baba yake, mzee Luhende, akapokea maneno ila hakujibu. Ana ng'ombe wengi, analima pamba, na alikuwa amemaliza nyumba mpya ya bati na saruji. Hakutaka kunipa binti kwa sababu ya kazi yangu. Mnajua kwetu anayepiga magoti kusalimia ni mwanamke. Nilipofika akaniangalia kuanzia chini mpaka juu.

"Mwangaluka, baba," nikasema.

"Mwangaluka. Nasikia unaishi kwa kupiga magoti."

"Ndiyo, baba. Kazi ya tailizi."

"Kutwa nzima uko chini. Huwa unamsalimia nani huko?"

Watu wakacheka mpaka ng'ombe wakageuka. Alipomaliza kufurahi akasema, "Haya. Niwekee sakafu sebuleni na korido. Nikiiona kazi yako nitajua kama mikono yako inaweza kushika kitu kikakaa. Hapo ndipo nitawajibu wazee wenu." Basi mjue, posa yangu ilikuwa inategemea gundi. 

Sasa sikilizeni ugumu ulipo. Mzee alikuwa hajanikubali, lakini mama yake Minza alikuwa ameshanikubali zamani. Nilijuaje? Alikuwa ananikimbia. Kwetu Usukumani, kwa wanaoshika mila, mkwe wa kiume na mama mkwe hawakutani uso kwa uso, hawasemeshani hovyo, hawapigani vikumbo mlangoni. Yule mama akitaka kupita anakohoa kwanza, anajifunika kanga, na mimi natoka mbio kwa mlango mwingine, nasimama nimetazama zizi mpaka apite. Mtu hamkoholei fundi. Anayekoholewa ni mkwe. Kila akikohoa moyo wangu ulikuwa unacheza ngoma.

Na korido ile ndiyo ilikuwa njia. Ghala la unga na chumvi liko ndani mwisho wa korido, jiko liko nje nyuma. Sebule nilishaimaliza siku iliyotangulia; korido nimeanza asubuhi, naye mzee amekaa kwenye kiti mlangoni ananitazama. Kwa kutaka sifa nikamwaga gundi korido nzima, nikaichana mistari imenyooka kama matuta ya pamba. Mzee akaguna. Nikaona nimeshamuweza. Akaondoka kwenda kuangalia mifugo.

Hapo hapo: "Kho! Kho!"

Nikatupa mwiko, nikatoka mbio. Mama mkwe akapita pembeni ya ukuta, kwenye ubao tuliouacha wa kukanyagia, akachukua unga, akarudi. Nikaingia. Nimeweka tailizi mbili tatu. "Kho!" Nje tena. Safari hii amesahau chumvi. Halafu mwiko wa ugali. Halafu sijui mayai. Kulwa, kaka yake Minza, ndiye alikuwa ananichanganyia gundi. Akasimama na ndoo yake anacheka.

"Shemeji, leo mama ana safari nyingi kuliko basi la Mwanza."

"Nyamaza wewe, lete gundi."

"Mwambie basi asubiri."

"Nimwambie mimi? Mwambie wewe, ni mama yako."

"Nikimwambia mama asipite kwenye nyumba yake, leo silali humu. Mimi bado nakula kwake."

Nami sikutaka kabisa aache kukohoa. Mngekuwa nyie mngetaka? Ile ndiyo kura pekee niliyokuwa nayo kwenye nyumba ile. Lakini upepo wa kiangazi Mwamapalala mnaujua, unaingia mlango wa mbele unatokea wa nyuma kama umeitwa. Gundi ikimwagwa chini ikapigwa na upepo, juu inaota ngozi, kama maziwa yaliyopoa. Ukiitazama bado inang'aa kidogo, inakudanganya. Dawa yake ni kidole. Gusa mstari: gundi ikibaki kwenye kidole, iko hai, weka tailizi. Kidole kikitoka kikavu, imekufa, kwangua tupa. Nilijua hayo yote. Ila nilikuwa naingia mbio natoka mbio, jasho linanitiririka, nikasema ah, nitagonga kwa nguvu zaidi. Nikagonga. Jioni korido inameremeta, nikajiona tayari baba wa watoto.

Asubuhi mzee Luhende akaja na fimbo yake ya kuchungia. Akaanza kutembea anagonga. Sebuleni: di, di, di. Nzito, safi. Akaingia korido: di, di, ko. Akasimama. Ko, ko, ko. Akafuata sauti mpaka mlango wa ghala.

"Humu chini umefukia nini? Kibuyu?"

"Hapana, baba."

"Mbona nyumba yangu ina njaa? Sikiliza." Ko, ko. "Fungua nione."

Nikachukua patasi, nikaingiza pembeni, tailizi ikainuka yenyewe bila ubishi. Mgongo msafi kama sahani iliyorambwa. Chini mistari ya gundi imesimama vile vile, hakuna hata mmoja uliolala. Mzee akainama, akapitisha kidole.

"Matuta hayajalala," akasema. Ni mkulima, hakuhitaji kuelezwa. "Huku vizuri, huku hovyo. Kwa nini?"

Sasa semeni nyie. Nimwambie mama mkwe ndiye kasababisha? Nitakuwa nimemshitaki mtu pekee anayenitaka. Ninyamaze? Basi ni fundi mbovu, na jibu la posa nimeshalipata. Nikasema, "Baba, gundi ilikauka kabla sijaweka. Nilimwaga nyingi kwa kujionyesha. Natoa hizi zote, naanza upya."

"Ilikaukaje na wewe ulikuwepo?"

Nikaokota patasi. Kulwa akaangalia dari kama kuna sinema. Mzee akasema, "Mtu anayeacha kitu kikauke mbele ya macho yake, nimpe binti?" Akaondoka.

Nikaanza kung'oa. Ukuta wa jiko uko karibu na dirisha la korido, na huko jikoni nikasikia sauti ya mama mkwe. Haongei na mimi, hapana, mila hairuhusu. Anaongea na kuku.

"Wewe kuku! Unapita pita kwenye kazi za watu, unamharibia mtu wa watu, na husemi!"

Kuku akajibu anavyojua. Mimi nikasimama na patasi mkononi.

"Kama mtu alitaka kuku asipite, si angesema?"

Nikamgeukia Kulwa, nikaongea kwa sauti ya mnadani. "Kulwa! Ningekuwa na kuku mwenye heshima namna hiyo, ningemwambiaje asipite? Mimi nilikuwa nafurahi akipita!"

Huko jikoni nikasikia kama mtu amejiziba mdomo na kanga asicheke.

"Kuku," sauti ikarudi, "muulize huyo mtu, hiyo dawa yake inataka muda gani bila kusumbuliwa?"

"Kulwa! Asubuhi, kabla ya upepo! Mpaka korido iishe! Na baada ya hapo hakuna kukanyaga mpaka kesho yake!"

"Na unga?"

"Unga utoke leo, Kulwa! Na chumvi! Na mwiko! Na mayai!"

"Kuku amesikia," akasema.

Jioni ile unga wote ukatolewa. Asubuhi, ng'ombe hawajatoka, mama mkwe alikuwa ameshaweka kigoda nje ya mlango wa nyuma. Akakaa ametupa mgongo, fimbo ya kufukuzia mbuzi mapajani. Mlango wa mbele akaulinda kwa kelele kutoka hapo hapo, kila anayesogea anamtimua. Akaja mtoto, kafukuzwa. Akaja jirani, kafukuzwa. Akaja mzee Luhende mwenyewe.

"Nachukua kofia yangu tu."

"Kofia haiozi."

"Mama Kulwa, hii ni nyumba yangu!"

"Kesho itakuwa yako tena. Leo ni ya gundi."

Mzee akaenda mnadani kichwa wazi. Mimi humo ndani nilikuwa natamani kucheka ila gundi haitaki mchezo. Nilikwangua ile ya zamani mpaka saruji ikaonekana, nikafagia, nikapitisha maji kidogo sakafuni. Gundi nikamwaga ya tailizi mbili tu, siyo korido. Nikachana, nikagusa kwa kidole, nikapaka na mgongo, nikaweka, nikasukuma, nikavua moja kuangalia. Imejaa mpaka kwenye kona. Nikarudisha, nikaendelea. Hakuna aliyekohoa, na nakiri kikohozi nilikimiss.

Siku iliyofuata mzee akaja na fimbo. Nadhani hata ng'ombe walijua, maana hakuna aliyelia. Akaanzia sebuleni. Di, di. Akaingia korido. Di. Di. Di. Akafika pale penye kibuyu. Di. Akapiga tena, kwa nguvu, mpaka nikaogopa ataipasua kwa hasira. Di. Akazunguka, akapiga kona, akapiga kizingiti cha ghala. Nje mama mkwe alikuwa anafagia uwanja mmoja ule ule tangu asubuhi.

Mzee akaegemea fimbo. "Sawa," akasema. "Hii imeshika." Nikasubiri neno la posa. Akaelekea mlango wa upande mwingine, akausukuma kwa fimbo.

"Sasa uniwekee na chumbani kwetu."

Ni chumba cha mama mkwe hicho. Nikikataa kazi ya mzee, nimeharibu. Nikiingia, nimeharibu zaidi. Kulwa akaacha kucheka, mara ya kwanza tangu nimjue.

"Baba," nikasema, "nina swali."

"Sema."

"Fundi anaingia chumba chochote. Mkwe haingii chumbani kwa mama mkwe wake hata nyumba ikiwaka moto. Mimi naingia humu kama nani?"

Ufagio nje ukanyamaza. Mzee akaangalia chumba, akaniangalia mimi, akaangalia sakafu aliyokuwa ameikanyaga. Akajikuna shingo. Nikaona mdomo wake unataka kukunjuka, yeye anauzuia.

"Huko Bariadi kuna fundi mwingine anayejua gundi kama wewe?"

"Yupo, baba. Ndiye aliyenifundisha."

"Mlete huyo."

Wadogo zangu, sijawahi kunyimwa kazi nikashukuru namna ile. "Wabeja, baba," nikasema, nikatoka nje kabla machozi hayajaharibu sakafu mpya.

Fundi Rashidi akaja akaweka kile chumba. Mimi nilikaa uani nachanganya gundi, napitishia ndoo dirishani nimegeuza uso. Chumba chenyewe sijakiona mpaka leo. Minza, mke wangu, anasema tailizi zimelala vizuri, na mimi namwamini.